Nachora birika na nyanya tu, wazo linatoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

Msomaji mmoja kaniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Morogoro, mchana nafanya kazi mgahawani, usiku ndo nachora. Sijasoma sanaa hata siku moja, nimejifunza mwenyewe kwa simu na kwa kukosea. Nachora vitu vya ndani tu, birika, nyanya, viatu. Nyumbani wananiambia niachane na hayo nichore simba na Mlima Kilimanjaro, ndo vinavyouzika. Na mimi mwenyewe kila nikitaka kuanza picha mpya nakaa hata nusu saa sina wazo. We mawazo yako unayatoa wapi, na je mtu ambaye hajasoma anaweza kufika?"

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na nataka nianze na hilo neno wazo, maana naona ndo linalokukwamisha. Mtu anayechora vitu tuli, yaani vitu visivyojongea kama hilo birika lako, hahitaji wazo ili aanze, anahitaji kitu. Wazo linakuja siku ya tatu au ya nne ukiwa umeshakaa na kile kitu, saa ingine linakuja picha imeisha na saa ingine haliji kabisa na picha inakuwa nzuri tu. We unakaa nusu saa unalitafuta kichwani wakati birika liko pale mezani linakuangalia.

Ntakwambia mimi nilivyoanza. Mimi ni mchora vibao hapa Tanga, na mpaka leo bado navichora, saluni, maduka ya dawa za mifugo, hoteli za wali maharage, ukuta mzima wa duka la simu. Sikufundishwa na mtu, nilianza kwa kumsaidia jamaa mmoja kushika ngazi. Sasa siku moja nilipewa ukuta wa hoteli, nichore sahani ya kuku na chipsi na kachumbari pembeni. Nikamaliza, mwenye hoteli akaja akasimama, akaniuliza hivi vyekundu ni nyanya au mipira? Niliumia sana, manake nilikuwa nimechora nyanya pengine mia mbili kwenye kuta za mji huu na sijawahi hata siku moja kuiangalia nyanya. Nilikuwa nachora duara, napaka nyekundu, naweka kidoa cheupe juu, basi. Nikapita soko la Ngamiani nikanunua nyanya moja, nikaiweka juu ya kigoda mlangoni kwangu nikakaa nayo mpaka adhana ya magharibi.

Nyanya siyo nyekundu. Yaani nyekundu ipo, lakini ni kipande kidogo tu katikati. Juu palipopigwa na mwanga wa mlangoni pana weupe unaoelekea bluu, kwa sababu ule mwanga ni wa mbinguni siyo wa jua lenyewe, upande wa chini karibu na kigoda imechukua rangi ya mbao ikawa kama chungwa lililoiva sana, na kivuli chake juu ya ule ubao hakikuwa cheusi, kilikuwa na wekundu ndani yake kana kwamba nyanya imevuja rangi. Halafu siyo duara, ina mabega pale kikonyo kilipokuwa. Kwa jioni ile moja nilijifunza vingi kuliko miaka yote ya kupaka kuta. Na sikuwa na wazo lolote mwanangu, nilikuwa na hasira na nyanya moja.

Kesho yake nilirudi sokoni kwa macho mengine. Umeshawahi kumuangalia mama anayeuza nyanya kwa mafungu anavyozipanga? Nne chini moja juu, ile ya juu ndo nzuri kuliko zote, na yenye doa kaigeuza doa liangalie ndani. Fungu na fungu kaacha nafasi inayotosha mkono upite. Vitunguu kaviweka mbali na nyanya ili rangi zisilane, na pilipili hoho za kijani kazisogeza karibu na nyanya makusudi, maana anajua nyekundu ikikaa jirani na kijani inawaka. Mimi vitabu vya kupanga picha nilikuja kuvisoma baadae sana, na karibu kila kitu walichokiandika nilishakiona kwenye gunia pale chini. Kwahiyo ukiniuliza walimu wangu ni akina nani, wa kwanza ni wale kinamama wa Ngamiani, na Morogoro na mafungu yale ya soko lenu we una walimu kuliko mimi.

Sasa hili la kujifunza mwenyewe. Watu wanalichukulia kama mtu amekaa pekeake gizani halafu kipaji kikashuka, haikuwahi kuwa hivyo kwa yeyote. Mchukue Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, maana huyu unamjua kwa yale maua ya alizeti. Aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, umri wako ukiongeza mmoja, baada ya kushindwa kazi nyingine karibu zote alizojaribu. Shule alizipitia miezi michache akaondoka. Lakini alichofanya ni kuchukua mfululizo wa michoro ya kujifunzia ya Charles Bargue, akainakili karatasi kwa karatasi, akimaliza anarudia tena kuanzia ya kwanza. Mwaka 1885 akiwa kijijini Nuenen kule Uholanzi akawa anachora vikapu vya viazi, viota vya ndege, vyungu, picha nzito za rangi ya udongo ambazo nina uhakika ndugu zako wangezicheka. Na alipofika Paris mwaka 1886 alitaka kuchora watu, ila hela ya kuwalipa watu wakae mbele yake hakuwa nayo, ndo akachora maua. Umeona? Yale maua ya Paris, ambayo ndo yalimfungulia rangi, yalitoka kwenye ukata. Mwaka huohuo akachora jozi ya viatu vichakavu, na mwenzake waliyekuwa nae darasani amesimulia kwamba alivinunua mitumba akavivaa kwenye matope mvua ikinyesha ndo akavichora. Kwahiyo viatu vyako viendelee.

Kuna kitu chake kimoja nakipenda kuliko hata alizeti. Alikuwa na kiboksi chekundu ndani yake ana mabonge madogo ya nyuzi za sufu, kayasokota rangi mbili au tatu pamoja ili aone hii ikilala na hii inakuwaje kabla hajagusa rangi yenyewe, na rangi ilikuwa ghali. Kiboksi hicho mpaka leo kipo kwenye makumbusho yake Amsterdam. Mimi sufu ya wapi hapa Tanga, nilienda kwa fundi cherehani jirani yangu nikamuomba vipande vinavyodondoka chini, vya kanga, vitenge, satini, sare za shule, nikawa nina mfuko mzima. Nikitaka kujua kikombe cha bati cheupe kitakaaje mbele ya ukuta wa njano navitoa vipande viwili naviweka vilale pamoja, nakaa navyo. Haina gharama yoyote na jicho linakua haraka ajabu. Fanya hili kabla ya mengine yote.

Tuje kwa ndugu zako na simba. Usiwachukie, hoja yao ni ya zamani kuliko wanavyojua. Ufaransa kwenye miaka ya 1660 kulikuwa na mtu anaitwa André Félibien, akaandika kabisa ngazi za picha, juu kabisa picha za historia na dini, kisha sura za watu, kisha wanyama na mandhari, na chini kabisa matunda na maua na vitu visivyo na uhai. Chuo chao cha kifalme cha sanaa kikazishika ngazi hizo miaka mingi. Na katikati ya hiyo hali ndo akatokea Chardin, mtoto wa seremala wa Paris, akapokelewa chuoni mwaka 1728, na moja ya picha alizoingia nazo ni samaki taa. Sisi wa pwani taa tunamjua, yule mpana kama mwamvuli, basi kamchora ametundikwa ukutani kapasuliwa, matumbo nje, damu, na paka pembeni kasimama juu ya chaza manyoya yamemsimama. Hakuna mfalme hapo wala malaika, ni jikoni tu, na nikiitazama nasikia mpaka harufu. Miaka mingi baadae, 1761, akachora kikapu cha matunda mekundu madogo na glasi ya maji pembeni, kitu cha kujaa mezani kwako tu, na picha hiyo ilipopigwa mnada Paris mwaka 2022 ilivuka yuro milioni 24, sasa hivi ipo Louvre, makumbusho makubwa ya Paris. Sikwambii hivyo ili uote mamilioni, Chardin mwenyewe hakuziona hizo hela. Nakwambia ili siku wakikuambia vitu vya jikoni siyo picha uwe na la kujibu.

Ila pia simba asitukanwe. Edward Saidi Tingatinga hakusoma sanaa popote, alitoka kusini kule Tunduru, na mwishoni mwa miaka ya 60 pale Dar akachukua alichokipata, hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, akaanzisha kitu ambacho hakikuwepo. Alikufa 1972, miaka michache tu ya kazi. Wanyama wake ni wake, vile alivyowatandaza na zile rangi hakumuiga mtu. Shida ni hiki kinachofuata, mtu anachora nakala ya nakala ya nakala, mwenyewe simba hajamuona hata mara moja na hata picha ya simba hajaiangalia vizuri, anajua tu brashi inapita wapi. Hiyo ni ile nyanya yangu ya ukutani. Ukimpenda simba kweli mchore, lakini kama macho yako yanaenda kwenye birika basi birika ndo kazi yako.

Na usiogope kurudia. Nyie vijana mnaona kurudia kitu kimoja ni kuishiwa. Kule Bologna nchini Italia alikuwepo Giorgio Morandi, alizaliwa 1890 akafa 1964, maisha yake karibu yote aliishi na dada zake watatu nyumba moja, chumba kimoja kidogo ndo analala ndo anachora. Alikuwa na chupa, makopo, mabakuli, vitu vya kawaida kabisa, vingine alivipaka rangi yeye mwenyewe ili vipoteze kung'aa, vumbi alikuwa haliondoi, linatua linavifanya vyote viwe kama ndugu wa tumbo moja. Alivihamisha sentimita mbili huku, tatu kule, na kila mpango ni picha mpya, na penye kitu kilipokaa anachora alama kwenye karatasi ya mezani ili asipoteze. Huyu shule ya sanaa alisoma, lakini kazi ya kuchonga picha kwenye sahani za shaba kwa tindikali alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya zamani, na baadae akawa ndo mwalimu wa hiyo kazi chuoni hapohapo Bologna, 1930 mpaka 1956. Mimi nilipoziona picha zake mara ya kwanza kwa simu, kwenye kioo kilichopasuka, nilinyamaza muda mrefu. Zilikuwa za kimya kama nyumba saa nane mchana watu wamelala. Toka siku hiyo nikaacha kutafuta vyombo vizuri. Nina birika moja la bati la kijani, limebanduka rangi mdomoni na kwenye kitako, nimelichora sijui mara ngapi na bado ule mkono wake unanishinda.

Hapa ngoja nikueleze habari ya mbuzi, maana ndo picha iliyonifundisha kuhusu haya mambo ya wazo. Mbuzi ya kukunia nazi namaanisha. Nilitaka kuchora picha kubwa, nikawa na wazo zito kichwani, mwanamke wa pwani, kazi ya mikono yake, sijui urithi, nikachukua mbuzi ya mke wangu nikaiweka juu ya mkeka mpya, nyuma nikatundika kanga, pembeni dafu zima. Ikatoka kama picha ya kalenda. Kila kitu kipo na hakuna kinachopumua. Nikaisugua yote kwa msasa. Sasa mke wangu ile mbuzi anaihitaji kila siku ikifika saa 5 akune nazi ya mchana, kwahiyo mi nilikuwa nayo kuanzia alfajiri mpaka saa 5 tu, naichukua hapohapo jikoni ilipolala, hakuna mkeka wala kanga. Na kila asubuhi haikuwa ileile ya jana. Siku moja kwenye meno ya chuma kuna vinyweleo vya nazi vimekauka vimekuwa kama nta, siku nyingine imeoshwa bado mbichi na ule mti umekuwa mweusi, pale anapokalia mbao imeng'aa kwa mafuta na kwa nguo, imelika kidogo upande wa kulia kwa sababu anakaa ameegemea huko. Miguu yake inakatana kama herufi X, na X ni umbo kali sana kwenye picha, linavuta macho yote, ikabidi nitafute kitu cha kulipoza na kilikuwepo hapohapo chini, kifuu, nusu nazi iliyokwanguliwa, duara jeupe lililotulia. Nilichora asubuhi kumi na kitu. Yote niliyotaka kuyasema mwanzo kuhusu mwanamke na kazi yake nikayakuta yameingia mle yenyewe, kwenye ile sehemu iliyolika upande wa kulia, na mimi nilikuwa nawaza mbao tu.

Waholanzi picha hizi za vitu tuli waliziita kwa jina lenye maana kama uhai uliotulia, Wafaransa wakaziita maumbile yaliyokufa. Mimi niko upande wa Waholanzi. Kitu kinachotumika kila siku hakijafa.

Sasa mwanga, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu vitabu vya wenzetu vitakupoteza kama vilivyonipoteza mimi. Karibu vyote vinasema chora karibu na dirisha linaloangalia kaskazini, mwanga wake haubadiliki. Kwao ni kweli, jua lao linapita kusini mwaka mzima. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta, jua letu linahama. Kuanzia Aprili mpaka mwanzoni mwa Septemba linapita upande wa kaskazini, kwahiyo dirisha lako zuri ni la kusini, na kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Februari linapita kusini, unahamia dirisha la kaskazini. Mi nilihangaika mwaka mzima nashangaa kwanini jua linaniingilia kwenye meza wakati kitabu kimesema halitaingia. Kama nyumba yako ina dirisha moja tu usijali, tundika shuka jeupe jepesi, au fanya kama mimi, chukua boksi la televisheni, lilaze, toa upande mmoja, weka vitu vyako ndani, sasa mwanga unaingia kwa njia moja tu na wewe ndo umeamua ni ipi.

Na wewe unachora usiku, hilo lisikusononeshe kabisa. Usiku una faida moja kubwa, mwanga hauhami. Zima taa ya dari, weka taa moja ya pembeni, kushoto kama unatumia mkono wa kulia, juu kidogo ya vitu, na usiisogeze mpaka picha iishe, hata kwa kuweka alama ya mkaa sakafuni. Balbu nyeupe kabisa inafanya vitu viwe vya baridi, ya njano inavipa joto, chagua moja uishi nayo. Umeme ukikatika usiende kulala. Washa kibatari au chemli na uangalie vilevile vitu vyako, utaona nusu ya vitu imeliwa na giza na ulichodhani ni muhimu hakipo tena. Nimewahi kubadilisha picha nzima kwa sababu ya usiku mmoja wa namna hiyo.

Joto letu nalo lina mambo yake. Embe lililoiva linakupa siku tatu, ndizi mbili, samaki ni asubuhi hiyohiyo. Cézanne, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa mzito sana wa kazi, matunda yalikuwa yanamuozea, kwenye maua mpaka alitumia ya karatasi. Huyo nae chuo cha sanaa cha Paris kilimkataa, na matofaa yake wachoraji wa dunia nzima bado wanayasoma, mimi mmoja wao. Utaratibu wangu ni kwamba kinachooza kinaanza, kwa rangi, kabla hata ya meza na ukuta, na saa ingine naacha tunda lizeeke nalifuata nalo, ngozi inapoanza kukunjamana ndo kunakuwa na mengi ya kuona. Kama huna muda, chora vitunguu, vitunguu saumu, mahindi makavu, vibuyu, nazi, hivi vinakusubiri. Au vining'inize. Kulikuwa na Mhispania, Juan Sánchez Cotán, miaka kama ya 1602, alikuwa anafunga kabichi na tunda kwa kamba vinaning'inia kwenye fremu ya dirisha, nyuma yake giza totoro, chini tikiti na tango, basi. Kabichi ile inatisha kwa utulivu. Mwaka 1603 aliacha mji akaenda kwenye nyumba ya watawa. Mimi nikiona mkungu wa ndizi umening'inia mlangoni kwa duka lolote la mtaani namkumbuka huyo mtu.

Vifaa sitakaa sana. Huna haja ya kanvasi ya dukani. Nunua kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikijua, kiwambe kwenye fremu ya mbao kikaze kama ngoma, paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, piga msasa laini, maliza. Hadibodi pia nzuri ila paka mbele na nyuma, ukipaka upande mmoja inajikunja. Rangi nne zinakutosha mwaka huu wote, nyeupe, nyeusi, njano ya udongo na nyekundu. Nyeusi ukiichanganya na njano unapata kijani cha majani ya mwembe, nyeusi na nyeupe karibu na nyekundu inasomeka kama bluu, jaribu uone. Rangi nyingi mwanzoni zinamfanya mtu asione.

Kuhusu mkono, kabla ya kuchora vitu chora nafasi iliyo kati ya vitu, ile hewa kati ya mkono wa birika na tumbo lake ina umbo lake kamili, ukilipata hilo mkono umekaa wenyewe. Finya macho mpaka uone mafungu matatu tu, mwanga, kati na giza. Picha ikikusumbua igeuze kichwa chini. Na nakili kazi za waliotangulia kama alivyofanya Van Gogh, hapa simu yako ni shule. Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, wameziweka picha zao bure kabisa, unavuta mpaka unaona nyufa za rangi. Bando likiwepo tafuta Pieter Claesz na Willem Claesz Heda, mafundi wa Haarlem kule Uholanzi wa miaka ya 1630, meza zao karibu zote ni kijivu na kahawia, halafu ganda la limau linaning'inia pembeni na hiyo ndo njano pekee ya mle ndani. Nakili hilo ganda tu. Mimi lilinichukua wiki mbili.

Na mtafute Clara Peeters, mwanamke wa Antwerp, mji wa Ubelgiji ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1600, wakati ambao wanawake wachoraji walikuwa wa kuhesabu. Alichora vikombe vya dhahabu vinavyong'aa na kwenye ile mibinuko yake, kidogo sana, ukikaribia, unamuona yeye mwenyewe ameshika brashi, siyo mara moja, mara kadhaa kwenye picha moja. Nilipoliona hilo nilienda moja kwa moja kwenye sufuria langu nikajiangalia. Siku zote nilikuwa nafuta kale kadoa keusi kwenye mng'ao nikidhani ni uchafu, kumbe ni kichwa changu. Siku hizi nakiacha.

Umeuliza kama ambaye hajasoma anaweza kufika. Shule inakupa vitu viwili ambavyo wewe peke yako utavipata kwa shida, mtu wa kukuambia ukweli na watu wa kukaa nao. Kwahiyo hivyo ndo uvitafute kwa nguvu. Ukipata nauli ya Dar nenda Nafasi Art Space pale Mikocheni, wasanii wanafanya kazi hapohapo na unaruhusiwa kuangalia na kuuliza, mimi mara ya kwanza niliogopa kuingia nikazunguka getini, nikaingia, na hakuna aliyeniuliza cheti. Tafuta hata mtu mmoja hapo Morogoro anaechora, chochote, muwe mnaoneshana kila mwezi na msidanganyane. Kazi ya mgahawani usiiache bado, mimi vibao vimenilishia watoto na vimenifundisha kuvuta mstari bila kutetemeka, siyo aibu hata kidogo. Picha ya kuuza ikija itakuja, na ukimuuzia mtu mwambie ukweli kwamba ni birika, usimtungie hadithi.

Wiki hii fanya hivi. Omba hapo mgahawani chupa moja ya tomato sosi iliyoisha, usiioshe, ile sosi iliyobaki imeganda ubavuni ndo unaitaka. Iweke kwenye boksi na kitunguu kimoja, taa moja, mezani karatasi ya kawaida. Usiku saba picha saba, kila moja isizidi ukubwa wa daftari la shule, vitu vilevile ila kila usiku kisogeze kimoja upana wa kidole. Ukimaliza zitoe mlangoni mchana penye kivuli uzipige picha bila flashi unitumie zote saba, na ile utakayoona ni mbaya kuliko zote usiifiche, hiyo ndo ntaianza kuiangalia.